Malango ya Gedi na Hadithi Zake

Nairobi ni mji usio na lango. Mtu atokaye Kangemi kwa barabara ya Waiyaki, au atokaye Dagoretti kwa barabara ya Ngong, huingia katikati ya mji bila kujua ni wapi hasa alipoingia. Nyumba huongezeka, magari husongana, na mara ajikuta amefika Kencom au Odeon. Jambo hili si la ajabu, maana mji huu ulianza mwaka 1899 kuwa kituo cha reli, na reli haihitaji ukuta. Walakini msomaji akaaye upande wa magharibi ya mji hawezi kusema kwamba hajui lango ni kitu gani. Katika mitaa ya Lavington na Kileleshwa malango yamejaa tele: ya chuma, marefu, na ukutani pamepitishwa nyaya za umeme. Kando ya kila lango kuna kibanda cha bawabu, ambaye watu wa Nairobi humwita soja, na mkononi ana daftari. Ukitaka kupita utaandika jina lako, nambari ya kitambulisho chako, na nyumba uendayo. Lango la namna hiyo lakuambia mambo kabla halijafunguliwa: kwamba ndani mna kitu cha thamani, kwamba mwenye kitu hicho ana hofu, na kwamba anayehofiwa ni wewe uliyesimama nje.

Nimeanza na malango haya unayoyajua ili nikupeleke kwenye mengine ambayo huenda hujayaona ila katika picha, nayo ni malango ya mji wa kale wa Gedi, karibu na Watamu, kusini ya Malindi. Nia yangu si kukueleza magofu yote. Nataka tuzipime hadithi zinazosimuliwa juu ya mji ule, kama tupimavyo darasani hadithi yoyote nyingine: nani asimuliaye, amsimulia nani, na usimulizi wenyewe wafunua nini na kuficha nini. Hukumu yangu naitoa mapema ili uweze kuipinga ukipenda. Nasema kwamba hadithi ile ambayo watu waliosoma huicheka ndiyo yenye ushahidi ardhini, na ile ambayo waliosoma waliiandika vitabuni ndiyo iliyotupotosha zaidi.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Gedi ulianza katika karne ya 11 au ya 12, ukastawi sana katika karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Hauko ufuoni kama Lamu au Mombasa, bali uko msituni, kiasi cha kilomita 6 kutoka baharini. Ukuta wake wa nje, wenye kimo cha futi 9 hivi, ulizunguka eneo la ekari 45. Ndani yake mlikuwa na misikiti, visima virefu, makaburi, jumba la mtawala, na nyumba za mawe zilizo na vyoo na mahali pa kuogea. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399 kwa hesabu yetu ya kawaida. Vitu vilivyochimbuliwa vyaonyesha jinsi wenyeji walivyofanya biashara na nchi za mbali: vyombo vya kauri na sarafu kutoka China, ushanga wa Venice, taa ya chuma na mkasi. Nyumba nyingi hazina jina la mwenyewe, basi wachimbuaji wamezipa majina ya vitu vilivyoonekana ndani yake, kama vile Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma. Haya ni majina ya kusikitisha kidogo, ukifikiri. Mtu ajenga nyumba nzima kwa mawe na chokaa, naye akumbukwa kwa kifaa alichokisahau siku ya kuhama.

Lango la jumba la mtawala ndilo linalopigwa picha na kila mgeni. Ni lango la jiwe la matumbawe lililochongwa, na tao lake limekwenda juu likakutana kwa ncha. Si kubwa. Msomaji aliyezoea kuona picha za malango ya miji ya Ulaya, yenye minara miwili na daraja la kuinuliwa kwa minyororo, aweza kuliona dogo mno. Lakini ubora wake haumo katika ukubwa, umo katika kipimo. Tao limekatwa kwa mkono uliojua kazi, mianzi ya ukingo imenyooka, na ukilipita washuka katika ua mdogo uliozungukwa na kuta, ambako mgeni alionekana na wenyeji kabla yeye hajawaona. Mjenzi alielewa kwamba lango si tundu la ukutani tu. Ni mahali ambapo mtu husimamishwa, hutazamwa, na huamuliwa.

Sasa nije kwenye hadithi. Kwa miaka kadhaa katika chuo cha ualimu nimekuwa nikiwaomba wanafunzi wangu, kabla hatujasoma lolote, waandike ukurasa mmoja juu ya Gedi. Wengi wao wametoka bara; baadhi yao ni wa Kawangware na Kikuyu, nao hawajavuka Mto Athi ila mara moja au mbili. Huandika mambo yanayofanana sana. Huandika kwamba Gedi ni mji wa mizimu, na kwamba atakayeokota kitu pale ataandamwa. Huandika kwamba watu wake walitoweka usiku mmoja, wakiacha chakula mekoni. Huandika kwamba ulijengwa na Waarabu. Wanafunzi huyaweka mambo haya pamoja, kana kwamba ni hadithi moja. Lakini yametoka vinywani mwa watu mbalimbali, tena kwa sababu mbalimbali, na kazi ya mhakiki ni kuyatenga.

Hadithi ya kutoweka usiku mmoja ni nzuri kusikiliza, lakini malango yaikataa. Gedi haukuwa na ukuta mmoja. Ule mkubwa wa nje ni wa karne ya 15. Katika karne ya 16 ulijengwa ukuta mwingine ndani yake, ukizunguka msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba bora za mawe. Sehemu kubwa ya mji ikabaki kati ya kuta hizo mbili. Mji uliotoweka usiku mmoja haupati nafasi ya kuchimba matumbawe, kuchoma chokaa, na kujijengea ukuta wa pili. Tena visima vyake vyaonyesha dalili za kuongezwa kina, kwa sababu maji yalizidi kushuka. Miaka ile ilikuwa ya misukosuko pwani nzima. Mwaka 1589 Wazimba walifika Mombasa wakaua watu wengi, kisha wakaelekea Malindi, wakashindwa huko kwa msaada wa Wasegeju. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, na mtawala wa Malindi akahamishiwa Mombasa, na biashara ikamfuata. Baadaye Waoromo walishuka kutoka kaskazini. Kila moja la mambo haya liliondoa watu wachache, na wachache wengine, hata wa mwisho akafunga mlango wake.

Juu ya ukuta ule wa ndani wataalamu wana fikira mbili. Wengine wasema kwamba mji ulikuwa umepungua watu, na waliobaki wakajikusanya mahali padogo wapate kujilinda. Wengine wasema kwamba ukuta uliwatenga wenye nyumba za mawe na wale wa nyumba za udongo. Msomaji wa Nairobi ana faida hapa kuliko mtaalamu atokaye Ulaya. Wewe unajua ilivyo pale Lavington inapopakana na Kawangware: ukuta mmoja tu, upande huu bustani na miti ya kivuli, upande huu mabati na vibanda vya mboga, na asubuhi watu wa upande mmoja wapita langoni kwenda kufanya kazi upande wa pili. Kwa hiyo fikira ya pili haitakushangaza. Tena mji hauhitaji mawe ili uzungushiwe ukuta. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 askari wa serikali ya kikoloni waliizunguka Nairobi yote, wakafunga njia zake, wakawachambua Waafrika mtaa kwa mtaa, na maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini. Mji usio na lango ulipata malango kwa siku moja. Wazee waliokuwa vijana wakati ule hawasimulii kwamba watu walitoweka. Wasimulia nani alichukuliwa, na kutoka nyumba ipi. Hadithi ya kutoweka husimuliwa na mtu asiyekuwapo.

Naam, na wasiokuwapo Gedi walikuwa wengi. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, na baada yake Wareno walifanya makao pale kwa muda mrefu. Malindi si mbali na Gedi hata kidogo. Mtu wa miguu mizuri aweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba katika maandishi yao Wareno hawautaji mji huu kwa jina tulijualo. Waandishi wengi wameukuza ukimya huo hata umekuwa fumbo kubwa, kana kwamba mji usioandikwa na mgeni haukuwapo hasa. Mimi sioni fumbo. Mgeni aliyekuja kutafuta maji, mkate na rubani wa kumfikisha India hana haja na mji ulio msituni. Na wenyeji hawakulazimika kumwonyesha. Hata jina Gedi laelekea kuwa si la wenyeji wa kwanza. Husemwa kwamba ni la Kioromo, na maana yake ni kitu cha thamani.

Hapa ndipo penye hadithi ninayoishitaki zaidi. Magofu yalitembelewa mwaka 1884 na John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, na mwaka 1927 serikali ikayaweka chini ya ulinzi. Kazi kubwa ya kuchimbua ilianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman, Mwingereza mwenye bidii na jicho la makini. Yote tuyajuayo juu ya mpango wa jumba na msikiti mkuu yamejengwa juu ya jasho lake na la wafanyakazi wa hapo hapo, na sitaki msomaji adhani kwamba namdharau. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 alikipa jina la mji wa Kiarabu wa Gedi. Jina la kitabu ni lango lake. Asomaye huingia akiwa amekwisha kuambiwa atakachokiona ndani. Basi kila tao likawa la Uarabuni, kila kisima kikawa cha Uarabuni, na Mwafrika akaonekana tu kama mtumwa aliyebeba mawe, au adui aliyekuja kuuvunja mji. Vitabu vya shule vikalinakili jambo hilo, walimu tukalifundisha, na mtoto wa Giriama aliyezaliwa hatua chache tu kutoka ukutani akajifunza kwamba mji ule haumhusu.

Ilichukua muda kurekebisha. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimbua Shanga, katika kisiwa cha Pate, akaona chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, tangu karne ya 8. Yaani mji haukuletwa na jahazi ukiwa tayari. Ulikua palepale, kutoka kijiji cha udongo hata mji wa mawe, mikononi mwa watu wa pwani wenyewe, nao wakaipokea dini na biashara zilizokuja na pepo za kaskazi.

Lakini tusitoke kosa moja tukaingia jingine. Kuna hadithi ya zamani, iliyo pia katika historia ya Kilwa, ya Washirazi waliokuja kwa jahazi saba. Kwa muda wataalamu wengi waliiona kuwa ni majivuno tu ya watu waliotaka ukoo wa mbali. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, kama vile Mtwapa, Manda na Kilwa. Ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, zaidi ya Uajemi, kwa upande wa baba, na kwamba damu hizo zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Kwa hiyo hadithi ya jahazi haikuwa uongo mtupu. Ilisema kweli juu ya mababu, ikawanyamazia mabibi. Mwanafunzi mwenye akili atauliza kwa nini msimulizi alikumbuka jahazi akasahau nyumba ambayo mgeni yule alikaribishwa.

Na ukifika penye msikiti mkuu wa Gedi, inua macho. Juu ya tao la mmojawapo wa milango yake pamechongwa mkuki. Msikiti wa Cairo au wa Shiraz hautakuonyesha alama hiyo mahali pale. Mkuki ni alama ya enzi katika nchi nyingi za Afrika. Aliyeuchonga alikuwa Mwislamu, naye hakuona kwamba mambo hayo mawili yagombana.

Sasa nimefika kwenye mizimu. Hii ndiyo hadithi ambayo wanafunzi huiandika huku wakitabasamu, ili mwalimu ajue kwamba wao hawaiamini. Wenyeji wa kandokando ya Gedi wamesema tangu zamani kwamba wazee wa mji bado wapo, kwamba wanaangalia kutoka nyuma ya kuta, na kwamba mwenye kudhuru mahali pale atapata madhara. Kirkman mwenyewe, ambaye hakuwa mtu wa kutishika upesi, aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kama kuna mtu aliyemtazama kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki. Twaweza kusema kwamba msitu mzito, nyani na popo ndio waliomfanya ahisi hivyo. Lakini tusiwe na haraka ya kueleza kitu kabla hatujakitazama.

Miji mingine ya kale nayo ina walinzi wa langoni wasioonekana. Cairo mna lango liitwalo Bab Zuweila, lililojengwa mwaka 1092, na hapo ndipo Tuman Bay, sultani wa mwisho wa Mamluki, alipotundikwa mwaka 1517. Kwa karne nyingi watu wa Cairo waliamini kwamba nyuma ya ubao wa lango hilo hukaa walii mmoja, nao wakafunga vitambaa kwenye misumari yake, na mwenye kuumwa jino akaligongomea lile jino hapo apate kupona. Tazama tofauti. Lango la Cairo halijaacha kutumika, watu hulipita na vikapu vyao kila siku, na mlinzi wake ni mpole, aombwa msaada. Lango la Gedi limebaki bila mji, na mlinzi wake ni mkali. Mtu angeweza kudhani basi kwamba ukali huo umezaliwa na ukiwa. Kwamba watu wa baadaye, walipokuta kuta msituni wasijue ni za nani, walizijaza mizimu.

Ardhi yatoa ushahidi mwingine. Katika jumba la Gedi wachimbuaji walikuta chungu kilichofukiwa sakafuni karibu na mlango. Wenyeji wa pwani hawakuhitaji kuambiwa ni kitu gani: ni fingo. Fingo ni dawa ifukiwayo ardhini ili kulinda nyumba au mji, na ndani ya chungu kile hukaa, kwa itikadi ya waliokifukia, jini au nguvu ya kumpotosha akili mwizi na mwenye nia mbaya. Kwa hiyo mlinzi wa lango hakuzuliwa na watu waliokuta magofu. Aliwekwa na wenye mji wenyewe, wakati taa zilikuwa zikiwaka na maji yakitekwa kisimani. Alikuwa sehemu ya mlango, kama mwimo na komeo zilivyo sehemu ya mlango. Watu walihama, kuta zikaanguka, majina ya wafalme yakasahauliwa, lakini habari moja ilibaki vinywani mwa wanavijiji kwa karibu miaka 400: kwamba pale mlangoni kuna anayelinda. Nionyeshe hati gani ya karatasi iliyotunzwa vizuri namna hiyo.

Zingatia tena kwamba fingo si jambo la Gedi peke yake. Wamijikenda, ambao Wagiriama ni wamoja wao, waliishi zamani katika kaya, yaani vijiji vyenye boma ndani ya misitu, na misitu hiyo iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kaya nayo ilikuwa na malango. Mtu aliifikia kwa njia nyembamba ipitayo msituni, akapita lango la miti, na ndani ya kaya lilifukiwa fingo la kuwalinda wenyeji. Mji wa mawe wenye msikiti, na kaya ya miti yenye makuti, vilikuwa na fikira moja juu ya lango, tena kwa neno lile lile. Kirkman aliona tao akasema Uarabuni. Angalitazama chini ya tao, sakafuni, angaliiona pwani ya Afrika Mashariki. Na hilo ndilo ninalolihesabu kuwa hasara kubwa ya elimu yetu: hoja iliyo imara kuliko nyingi ya kuthibitisha kwamba mji ulikuwa wa watu wa hapa ilikuwa imelala ndani ya hadithi ambayo mwanafunzi amefundishwa kuionea haya.

Sisemi kwamba uamini kuwa jini yumo chunguni. Mwalimu hana mamlaka juu ya imani yako, na majini hayapimwi kwa futi kama ukuta. Nasema kwamba hadithi hupimwa kwa namna mbili. Waweza kuuliza kama jambo linalosimuliwa lilitokea, na waweza kuuliza kazi gani hadithi imefanya. Kwa swali hili la pili hadithi ya mizimu yazishinda nyingine zote. Magofu mengi ya pwani yamebomolewa mawe yake yakajengewa nyumba mpya, na makaburi ya nguzo yamebanduliwa mabakuli ya kauri yaliyopambwa juu yake. Mwenye kuogopa wazee wa mji hachukui jiwe wala bakuli. Kabla ya sheria ya mwaka 1927, na kabla ya bawabu wa Makumbusho ya Taifa kukaa langoni akitoa tiketi, hofu ile ilikuwa askari asiyelipwa mshahara.

Hata hivyo hadithi hii nayo imeharibiwa katika siku za karibuni. Mwaka 2024 Gedi uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na jina lake sasa lajulikana mbali. Pamoja na heshima hiyo yamekuja matangazo ya kuwavuta watalii, na humo mizimu imegeuzwa kuwa mchezo: usiku wa kutisha, sauti za ajabu, njoo ukiweza. Mzee wa kijiji anapokuambia kwamba kuna walinzi, akutaka uvue ujeuri wako kabla ya kuingia. Tangazo likikuambia hayo hayo, lataka ulipe nauli. Maneno ni yale yale, lakini kwa mhakiki hadithi hizo ni mbili.

Safari si ngumu kama ilivyokuwa zamani. Tangu mwaka 2017 treni yatoka Syokimau asubuhi ikakufikisha Mombasa mchana, na kutoka Mombasa gari la Malindi litakushusha penye njia ya Gedi. Nenda kwanza kwenye ukuta wa nje, ambao wageni wengi hawauendei kwa sababu hauna tao la kupigia picha, kisha ufuate njia hata ufike ule wa ndani, ukipima kwa hatua zako mwenyewe eneo lililobaki katikati. Tazama mkuki juu ya mlango wa msikiti. Halafu uende kwenye lango la jumba. Mwenye kuwatembeza wageni yaelekea atakuanzia na mizimu, kwa kuwa wengi ndivyo watakavyo. Msikilize mpaka mwisho bila kucheka, kisha umwombe akuonyeshe mahali kilipofukiwa chungu.